Moshi wa Mitambo ya Makaa ya Mawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Nafundisha kemia Mbeya. Kila habari ya makaa ya mawe ya Kiwira, Ngaka au Mchuchuma inaposomwa redioni, maswali huanza kuja: ya wanafunzi, ya wazazi wao, ya wakulima wa chai wa Tukuyu, ya madereva wa malori ya makaa wanaopumzika Makambako. Nimeyakusanya hapa. Yanayotugusa zaidi nimeyajibu kwa kirefu, na mengine yametosheka na mistari miwili.

Makaa ya mawe si ndiyo mkaa huu wa jikoni?

Hapana, ingawa majina yanachanganya. Mkaa ni mti uliochomwa bila hewa ya kutosha, labda mwezi uliopita huko Chunya. Makaa ya mawe ni mimea ya mabwawa ya kale iliyofukiwa chini ya mchanga na udongo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikagandamizwa hadi ikawa mwamba. Katika kufukiwa huko ilibeba vitu ambavyo mkaa wa mti hauna kwa kiasi hicho: salfa, madini yanayobaki kuwa majivu, na zebaki kidogo. Ndiyo maana moshi wake una hesabu yake.

Mwalimu, mbona unatuambia tufuatilie mtambo ambao haujajengwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya kulalamika, nami hulipenda kuliko yote.

Ni kweli, hadi sasa hakuna mtambo mkubwa wa makaa ya mawe unaolisha gridi ya taifa. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji na gesi, na bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mashine 9 zenye jumla ya megawati 2,115. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa China, ulikuwa na kimtambo chake cha megawati 6. Kati ya mipango mikubwa iliyozungumzwa kwa miaka mingi ipo hii miwili: megawati 200 Kiwira, na megawati 600 Mchuchuma, wilayani Ludewa.

Sasa fikiria kadi ya kliniki ya mtoto. Mama anayempeleka mwanawe kila mwezi tangu azaliwe ana mstari kwenye kadi, na muuguzi akiutazama anajua mtoto anapanda au anashuka. Anayemleta mtoto kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu anapewa uzito wa siku hiyo tu. Kilo 11 ni nzuri au mbaya? Alikuwa na ngapi kabla ya kuugua? Hakuna ajuaye.

Hewa ya Ileje, ya Kyela na ya Ludewa ina hali yake leo. Mtambo ukishawashwa, hali hiyo haipimiki tena milele. Mwanakijiji akisema kifua kilianza kumbana baada ya bomba kuanza kutoa moshi, ataulizwa: una uthibitisho gani kwamba hewa ilikuwa safi zaidi zamani? Jibu lake linaandaliwa sasa, na linahitaji angalau mwaka mzima wa vipimo, kiangazi na masika. Miaka miwili au mitatu ni bora zaidi, kwa sababu upo mwaka wa mvua nyingi na upo mwaka wa moto mwingi wa mashamba.

Ni kitu gani hasa kinachotoka kwenye bomba?

Hewa ukaa, inayoongeza joto la dunia. Salfa dayoksaidi, inayowasha koo na kuzaa mvua ya tindikali. Oksaidi za naitrojeni. Vumbi, na humo hatari kubwa ni chembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, kwa kuwa hupita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021: wastani wa mwaka wa chembe hizo usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa. Halafu kuna zebaki, kidogo kwa uzito, ila hutua majini na kujikusanya kwenye samaki, jambo ambalo watu wa kando ya Ziwa Nyasa wana haki ya kuliuliza.

Naweza kujua kiasi kinachotoka bila kifaa chochote?

Unaweza kukadiria vizuri sana, na hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Kinachoingia kwenye tanuri hakipotei. Kikitoweka kwenye lundo la makaa, kimekwenda hewani au kwenye majivu.

Chukua mtambo wa kufikirika wa megawati 200 unaofanya kazi saa zote, wenye ufanisi wa asilimia 35, ukichoma makaa yanayotoa megajuli 24 kwa kilo. Utakula takriban tani 2,000 kwa siku. Malori ya tani 30 ni kama 67, kila siku, Jumapili na Idi pia.

Tuseme makaa hayo yana salfa asilimia 1. Hizo ni tani 20 za salfa. Atomu moja ya salfa ina uzito wa 32, na ikiungana na oksijeni mbili inakuwa 64, yaani uzito unakuwa maradufu. Tani 20 za salfa huzaa tani 40 za salfa dayoksaidi kwa siku. Sehemu ndogo hubaki kwenye majivu, nyingine yote inapanda bombani. Mtambo ukiwa na mnara wa kuosha moshi kwa tope la chokaa unaonasa asilimia 95, zinatoka tani 2. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwekezaji ni hili: kuna mnara wa kuoshea, au hakuna? Mawe ya chokaa tunayo hapa Songwe, na tope likishafanya kazi hugeuka jasi, ambayo viwanda vya saruji huitumia.

Majivu ndiyo yanayonishangaza kila ninapoyafundisha. Kama makaa yana majivu asilimia 20, zinapatikana tani 400 kwa siku, na tuseme 320 kati yake ni yale mepesi yanayopaa na moshi. Kichujio cha umeme kikinasa asilimia 99.5, zinatoroka tani 1.6. Kikichoka kidogo na kunasa asilimia 98, zinatoroka tani 6.4. Masikioni, 99.5 na 98 ni karibu sawa. Kwenye mapafu ni mara nne. Ukisikia mtu anajivunia kwamba kichujio kinanasa "zaidi ya asilimia 98", mwombe akueleze ile asilimia inayobaki kwa tani.

Hewa ukaa nayo: makaa yenye kaboni asilimia 60 hutoa tani 4,400 kwa siku, na hakuna hata kimoja kati ya vifaa nilivyovitaja kinachoipunguza.

Ndiyo kusema, namba tatu tu zikiwekwa wazi kila mwezi, tani zilizochomwa, asilimia ya salfa na asilimia ya majivu, mwanafunzi wa Tukuyu anaweza kukagua ripoti ya mtambo wowote duniani.

Wenye mitambo wanapimaje?

Kwa vifaa vinavyokaa ndani ya bomba muda wote, vikisoma gesi, vumbi na kasi ya moshi. Mfano uliopevuka ni wa Marekani. Sheria yao ya hewa safi ilirekebishwa mwaka 1990 ili kuzuia mvua ya tindikali, na kuanzia 1995 mitambo mikubwa ililazimika kupima moshi wake saa kwa saa na kupeleka takwimu serikalini. Takwimu hizo ziko wazi. Ukitaka kujua mtambo fulani wa Ohio ulitoa nini saa nane usiku, tarehe fulani miaka ishirini iliyopita, unaipata.

Ndani ya utaratibu huo kuna kanuni moja ambayo ningependa ihamie kwetu kama ilivyo. Kifaa kikizima au kikiharibika, saa hizo haziachwi wazi. Zinajazwa kwa namba ya kukadiria, na kadiri kifaa kinavyokaa kimezimwa ndivyo namba inayojazwa inavyopanda, hadi kufikia kiwango cha juu kabisa. Mwenye mtambo anayeacha kifaa kife anajihesabia uchafu mwingi kuliko aliotoa. Kwa hiyo kifaa kinatengenezwa haraka. Pale ambapo saa zisizopimwa huachwa tupu, ni kama kumwambia mwanafunzi kwamba mtihani asioufanya hautahesabiwa.

Wakituletea ripoti inayosema "tuko chini ya kiwango", tuulize nini?

Anza na oksijeni. Vipimo vya bombani husomwa kwa miligramu katika kila mita ya ujazo ya moshi. Ukiuchanganya moshi na hewa ya nje, miligramu kwa mita hupungua ingawa uchafu ni ule ule, kama uji ulioongezwa maji. Ndiyo sababu viwango vingi duniani vinataka namba irekebishwe kana kwamba moshi una oksijeni asilimia 6. Kanuni yake: zidisha kipimo kwa 15, gawa kwa 21 ukiondoa oksijeni iliyokuwamo. Ripoti inasema miligramu 300, oksijeni ilikuwa asilimia 12. Basi 300 mara 15 gawa kwa 9 ni 500. Kama kiwango ni 400, mtambo huo umevuka, na karatasi ilikuwa inasema umefaulu.

Uliza pia wastani ni wa muda gani. Mtambo unaweza kufaulu kwa wastani wa mwezi huku usiku tatu za mwezi huo watu wa kijiji cha jirani hawakulala kwa kukohoa. Uliza kama saa za kuwasha na kuzima zimehesabiwa, kwa sababu tanuri likiwa baridi huwashwa kwa mafuta na mara nyingi kichujio cha umeme kinakuwa hakijawashwa. Ni saa chafu kuliko zote, na ripoti nyingi huziruka.

Mwisho, omba jumla kwa kilo au tani. Ukali wa moshi bila wingi wake ni nusu ya habari.

Satelaiti haziwezi kutuonyesha yote haya bure?

Zinaonyesha mengi. Chombo cha OMI kiko angani tangu 2004, na TROPOMI tangu 2017. Hivi viwili vinasoma naitrojeni dayoksaidi na salfa dayoksaidi kwa mwanga wa jua unaorudi kutoka duniani. Mashariki mwa Afrika Kusini, kwenye mitambo ya Mpumalanga, doa la naitrojeni linaonekana waziwazi. Moshi wa mtambo wa Matimba, kule Lephalale, umesomwa na satelaiti hata kwa upande wa hewa ukaa.

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna anayeweza kuifungia geti. Takwimu za nyuma pia zipo, kwa hiyo ile kadi ya kliniki ya anga la Ileje na Ludewa imeshaanza kujazwa bila sisi kujua.

Lakini zina mipaka, na kwetu mipaka hiyo inauma. Hupita mara moja tu kwa siku, mchana kama saa saba na nusu, kwa hiyo moshi wa usiku haumo. Kila doa la picha ya TROPOMI ni kilometa kadhaa kwa kilometa kadhaa, haliwezi kutenganisha shule na zahanati. Na haioni kupitia mawingu. Mtu wa Tukuyu hahitaji kuelezwa maana yake: kuanzia Novemba hadi Mei kuna wiki nzima ambazo Mlima Rungwe wenyewe hauonekani.

Tumepata vihisi vidogo vya bei nafuu. Vinaaminika?

Vinaaminika kwa mwelekeo, si kwa namba moja moja. Hutambua vumbi kwa kumulika mwanga na kuhesabu unavyotawanyika. Tone la ukungu nalo hutawanya mwanga. Niliwahi kufunga kimoja Uporoto mwezi Juni, na alfajiri kikasoma hewa mbaya kuliko ya stendi kuu. Nilipotoka nje niliona ukungu mzito hadi miguuni, hewa ikiwa baridi na safi. Nilisoma namba ile kwa wiki mbili kabla ya kung'amua.

Tangu siku hiyo nashauri mambo mawili. Kifaa kiandike unyevunyevu pamoja na vumbi, na saa zenye unyevunyevu wa kupita kiasi ziwekewe alama, zisifutwe. Halafu, kila mwaka, kikae wiki kadhaa kando ya chombo cha kitaalamu ili ijulikane kinazidisha kwa kiasi gani. Kisha usikihamishe. Kihisi kilichokaa paa moja miaka mitano kina thamani kuliko vitano vinavyohamahama.

Mbeya mjini tunakohoa kila Julai na hakuna mtambo. Hiyo ni nini?

Ni jiko, jalala na baridi. Jiji limekaa kati ya milima. Usiku wa kipupwe hewa baridi hushuka kutoka Loleza na kulala bondeni, hewa ya joto zaidi inakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa mkaa, wa taka zinazochomwa na wa malori ya barabara kuu ya Zambia unabaki chini hadi jua lipande. Agosti hadi Oktoba huongezeka moto wa mashamba na wa tanuri za matofali.

Moshi huu usipoandikwa leo, kesho utatumika pande mbili. Mwenye mtambo atasema uchafu wote ni wenu wa zamani, na mwananchi atasema wote ni wa mtambo. Wote wawili watakuwa wanabahatisha.

Bomba likiwa refu sana, si moshi unakwenda mbali?

Ndiyo, unakwenda kwa wengine. Mtambo wa makaa wa Ekibastuz, Kazakhstan, una bomba la karibu mita 420. Urefu hupunguza ukali jirani na mtambo, haupunguzi hata gramu moja ya kinachotoka. Mabomba marefu ya Uingereza yalichangia mvua ya tindikali iliyoharibu maziwa ya Norway na Sweden. Ludewa na Kyela ziko kando ya ziwa tunaloshirikiana na Malawi na Msumbiji.

Moshi mweupe ndio mbaya?

Mara nyingi mweupe ule mzito ni mvuke wa maji. Salfa dayoksaidi haina rangi. Usipime kwa macho.

Takwimu zikishuka mwaka hadi mwaka, basi mtambo umekuwa msafi?

Huenda. Huenda pia umechoma makaa machache. Marekani, salfa dayoksaidi ya mitambo ya umeme ilikuwa zaidi ya tani milioni 14 mwaka 1990, na kufikia 2020 ilikuwa chini ya tani milioni 1. Sababu zilikuwa kadhaa kwa pamoja: minara ya kuoshea, makaa ya Wyoming yenye salfa kidogo, na mitambo mingi kufungwa na nafasi yake kuchukuliwa na gesi. Uingereza ilimaliza kabisa: mtambo wake wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024.

Ili usidanganyike, gawa uchafu kwa umeme uliozalishwa. Kilo kwa kila megawati-saa zikishuka, kuna kilichorekebishwa. Zikibaki palepale huku jumla ikishuka, mashine zilikuwa zimelala, na mahitaji yakipanda uchafu utarudi wote.

Tunaweza kupima hewa ukaa kijijini kujua mtambo unatoa kiasi gani?

Hapana, na Rungwe hasa msijaribu. Busokelo kuna mahali hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe kwa sababu ya volkano, hata huvunwa kwa matumizi ya viwandani. Kifaa kitasoma mlima, si mtambo. Hewa ukaa ya mtambo ihesabiwe kwa tani za makaa, kama nilivyoonyesha juu.

Chai na parachichi vitaathirika?

Chai hupenda udongo wenye tindikali, kwa hiyo haitakuwa ya kwanza kulia. Vindevu vya kijani-kijivu vinavyoning'inia kwenye miti ya msitu wa Rungwe ndivyo vya kuangalia. Havina mizizi, hunywa kila kitu kutoka hewani, na salfa dayoksaidi huviua mapema kabisa. Ulaya vimetumika kama kipimo kwa zaidi ya karne. Chagua miti kumi, ipe namba, ipige picha upande uleule kila Septemba. Gharama yake ni nauli ya bodaboda.

Mvua pia inapimika shuleni. Mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6. Vyombo viwe vya plastiki safi, na maji yapimwe siku ileile.

Tuna haki ya kuomba takwimu?

Mnayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, wananchi washirikishwe, na inampa mtu haki ya kupata taarifa za mazingira. Kanuni za viwango vya hewa zilitoka 2007. Barua ielekezwe NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, nakala halmashauri, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ushirikishwaji si mapambo. Juni 2019 baraza la Kenya linalosikiliza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa uliokusudiwa Lamu, na moja ya hoja ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Pale mkutanoni, atakayekuwa na daftari atasikilizwa tofauti na atakayekuwa na hasira tu.

Hilo daftari liandikwe nini?

Tarehe na saa. Mahali, kwa jina ambalo mgeni ataweza kulipata. Upepo unatoka wapi: funga kitambaa kwenye mti mrefu, kinatosha. Kama kuna ukungu, mvua au moto wa shamba karibu. Kipimo cha kihisi kama mnacho. Malori ya makaa yaliyopita kwa saa moja, siku moja ya wiki isiyobadilika. Jina la aliyeandika.

Ukikosa siku, andika kwamba umekosa na kwa nini. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi kando. Usitumie penseli.

Na daftari likijaa, lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla halijawekwa kwenye kabati la ofisi ya kijiji, maana mchwa wa Ileje hawajui tofauti ya takwimu na karatasi nyingine.